Uso wa Kipyator Kimosop

Katika nyumba ya mzee Kimosop, juu ukingoni mwa bonde la Kerio, hakuna mwanaume aliyewahi kukunja uso. Hilo ndilo mgeni aliloambiwa kwanza, kabla hata chai haijamiminwa. Mzee hakuwa na ng'ombe wengi wala shamba la kutambia. Alikuwa na uso wa marehemu baba yake, na nyuso za kaka zake, na wake mwenyewe, na zote zilikuwa zimepita jandoni bila ukope kutikisika. Zamu ya kitindamimba wake Kipyator ilipofika, mzee alishinda kutwa nzima bila kutia kitu kinywani.

Yanayofanyika kule hayaandikwi. Ila hili kila mtu analijua: saa ya kisu ikifika, wanaume husimama mbele ya kijana, na hawatazami kisu, wanatazama uso. Kijana akifinya macho, jina lake limeharibika na la baba yake limeharibika, na watu hawatasahau hata akiwa na wajukuu. Kipyator alikuwa na miaka kumi na sita. Alikaza macho kwenye nguzo moja ya ua mpaka kazi ikaisha. Baba yake akacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu aliyepona ugonjwa.

Aliyemlea katika majuma ya kufichwa, akimfundisha namna ya kusimama, ya kusema na ya kunyamaza, alikuwa Chemweno, kijana wa boma la jirani aliyemzidi miaka mitano. Mlezi wa namna hiyo kwetu Wakeiyo huitwa motiriot, na heshima yake haiishi siku jando linapoisha. Humbishii. Humkatizi maneno. Akikutuma, unakwenda. Ni desturi njema mikononi mwa mtu mwema, na wakati ule Chemweno alikuwa mtu mwema, au tuseme hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kuwa kitu kingine.

Chemweno aliondoka kwenda Marekani kuwa mkimbiaji wa chuo kimoja cha Iowa. Alipoingia mwaka wa mwisho, magoti yakiwa yameanza kumkataa, alimwambia kocha wake maneno mawili: "Nina mtu." Agosti ile Kipyator akapanda ndege.

Walikaa watatu katika nyumba ya mbao karibu na njia ya reli: Chemweno, Kipyator, na Mkamba mmoja wa Makueni aliyeitwa Musembi, mkimbiaji wa mita mia nane, mwenye mdomo usiofungwa. Musembi alikuwa akiwekwa kwenye beseni la barafu baada ya mazoezi anapiga mayowe hadi wasichana wa mpira wa wavu wanakuja kuchungulia.

"Nyamaza wewe, unatuaibisha," Chemweno alimwambia.

"Nikuaibishe wewe kwani barafu iko kwangu au kwako? Mimi nikiumwa, ndugu yangu, gavana wa Iowa atajua. Sikuja huku kuwa jiwe."

Kipyator alicheka. Alimpenda Musembi, ila alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake aliyelelewa vibaya.

Mbio za nyika zilianza Septemba. Katika mashindano ya kwanza, kwenye uwanja wa gofu uliolowa umande, Kipyator alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuonekana tena na wenzake mpaka walipomkuta amekwisha kuvaa suruali, anakunywa maji. Wazungu walidhani ni bahati. Wiki mbili baadaye akafanya vilevile. Kocha Hallstrom, mtu mrefu wa nywele nyeupe na sauti ya taratibu kama ya mchungaji kanisani, alimkumbatia mbele ya watu wote.

"Kijana wangu," alimwambia, "wewe ni zawadi."

Ilipofika Novemba picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani mwa ukumbi wa michezo, kubwa kuliko mlango. Picha ilimwonyesha anapanda kilima, wengine nyuma yake wametoa meno na kukunja nyuso, yeye ametulia kabisa. Chini yake waliandika kwamba mtu huyu haumii. Chuo kizima kililirudia neno hilo, mpaka kwenye foleni ya chakula wanafunzi asiowajua walimfinya mkono kwa mzaha na kumuuliza, "Hii je? Na hii?" Kipyator alipiga picha lile tangazo, akamtumia baba yake. Mzee Kimosop aliipeleka simu kwenye mizani ya maziwa, mahali wanaume wanapokaa kungoja gari la kiwanda, akampitishia kila mmoja.

"Mwaona uso?" alisema. "Hata Wazungu wameuona."

Mfupa ulianza Februari. Majira ya baridi walikimbia ndani ya ukumbi, kwenye uwanja mdogo wenye kona kali, na kona zile humkaba mtu upande mmoja. Kwanza lilikuwa joto tu kwenye muundi wa kushoto. Halafu likawa jambo la asubuhi, akishuka kitandani. Halafu likawa jambo la saa zote. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, mbele ya mfupa. Ufa wa namna hiyo ukipumzishwa wiki chache huunga wenyewe na mtu akasahau kwamba uliwahi kuwapo. Mtu akiendelea kukimbia, mfupa hukatika. Hakuna siri katika jambo hili na hakuna bahati. Alichotakiwa Kipyator ni kufungua kinywa, na mguu wake ulikuwa unangoja hilo tu.

Musembi ndiye aliyegundua. Kipyator alikuwa anasonga ugali, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Hebu weka ule mguu mwingine chini nione," Musembi alisema.

"Uko chini."

"Uko chini wapi? Unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wewe, huo mguu unauma?"

"Kidogo."

"Kidogo ya Mkeiyo ni hospitali ya Mkamba. Kesho twende kwa Dana."

Dana alikuwa mwanamke aliyetunza viungo vya wakimbiaji, kijana bado, mwenye vidole vikavu na subira nyingi. Ndiye aliyekuwa na neno la mwisho: akisema mtu asikimbie, hata Kocha Hallstrom hakumpinga.

Chemweno alikuwa mezani, amewapa mgongo. Aligeuka pole pole.

"Musembi, tuachie nafasi kidogo."

"Hii jikoni tunalipa wote."

"Nimesema tuachie nafasi. Ni mambo ya kwetu."

Musembi aliondoka akinung'unika. Chemweno alivuta kiti, akakaa karibu na Kipyator, na akabadili lugha, akazungumza ile ya nyumbani, ile aliyomfundishia wakati ule wa kufichwa. Kipyator aliteremsha macho kama inavyopasa.

"Unajua Mei kuna nini?"

"Mashindano ya ligi."

"Chuo hiki hakijawahi kulichukua lile kombe. Kocha ameniambia tukilichukua ananiajiri, nakuwa msaidizi wake. Unajua maana yake? Kila mwaka naja nyumbani nachukua vijana. Wadogo zako, watoto wa dada zako. Mlango mzima unafunguka. Unataka kuufunga kwa sababu ya muundi?"

"Hapana."

"Ukienda kwa yule mwanamke atakuuliza, kati ya moja na kumi maumivu ni ngapi. Hawa watu wanapenda kuulizana hivyo. Msichana akikatika kucha anasema tisa. Wewe utasema ngapi?"

Kipyator aliendelea kusonga ugali.

"Nimekuuliza, ngapi?"

"Mbili."

"Basi. Na akikubonyeza, unajua la kufanya. Hilo sikufundishi mara ya pili."

Hapa pasemwe wazi, maana huko nyumbani bado wapo wanaosema Chemweno hakujua. Alijua. Alikuwa amewahi kumwona mkimbiaji wa mwaka wa pili akivunjika mfupa uleule, na yeye mwenyewe ndiye aliyembeba. Mtu anayelitumia fundisho la ushujaa ili mwenzake amfanyie kazi hadi avunjike ameiba kitu cha watu wote, na wizi huo ni mbaya kuliko wa ng'ombe.

Kwa Dana alikwenda mwezi wa Aprili, si kwa hiari. Dana mwenyewe alimwona akitembea kwenye maegesho ya magari akamwita kwa kidole. Alimlaza juu ya meza ndefu ya ngozi, akamvua soksi, akaupapasa muundi kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu, taratibu, na huku akipapasa hakutazama mguu. Alitazama uso.

Kipyator alipoona anatazamwa usoni alielewa mara moja alikokuwa. Hakuna aliyemweleza, na hakuhitaji kuelezwa. Mtu mzima ameinama na kuyashika maumivu mkononi, macho yake yamekaa usoni pako: ni jambo moja tu duniani linalofanywa hivyo. Alitafuta kitu cha kukazia macho, akaona mpini wa kabati la bandeji.

"Kati ya moja na kumi?" Dana aliuliza.

"Mbili."

Kidole kilifika juu ya ufa. Dana akabonyeza.

Uso wa Kipyator ulikuwa kama maji ya kisima. Mpini wa kabati ulikuwa wa chuma, na kulikuwa na alama ya mkwaruzo upande wa kulia, na aliushika mkwaruzo ule kwa macho yake kama mtu anayeshika mzizi kwenye genge. Dana akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na akakiacha kidole pale.

"Na sasa?"

"Mbili."

Dana alisita. Alikuwa amebonyeza miundi ya mamia ya vijana, na wote waliokuwa na ufa waliruka kutoka mezani au walipiga ngumi ukuta. "Nilidhani..." alisema, halafu akatikisa kichwa. "Sawa. Weka barafu. Ukiona inaongezeka, njoo. Tutapiga eksirei."

"Asante, mama," Kipyator alisema, na Dana akacheka kwa kuitwa mama na mtu anayekaribia umri wake.

Alitoka pale amejaa furaha. Hilo ndilo la kuhuzunisha kuliko yote. Alitembea hadi nyumbani kwenye mvua nyepesi, mguu unawaka kama umetiwa pilipili, na moyoni anasikia alivyosikia siku ile baba yake alipocheka. Alikuwa ameshinda. Alimwambia Chemweno, na Chemweno alimpa kibuyu cha maziwa aliyoyagandisha mwenyewe kwa taabu, akamwacha anywe wa kwanza.

Musembi aliposikia alitupa viatu ukutani.

"Yule dada alikuwa anakusaidia, wewe mbuzi! Alikuwa anakutafutia ruhusa ya kupumzika! Ungesema *aah* tu. Hata si kulia. *Aah!* Inakugharimu nini?"

"Huwezi kuelewa."

"Kweli, siwezi. Na nikienda kumwambia mimi?"

Kipyator alimtazama bila hasira. "Nitakataa. Na wewe hutakuwa rafiki yangu."

Musembi hakwenda. Nalo lihesabiwe, kwa sababu alikuwa mwema, na wema wake uliogopa kununiwa.

Mashindano ya ligi yalifanyika Mei, siku tatu mfululizo, katika mji wenye upepo usiokoma. Ijumaa Kipyator alikimbia mita elfu kumi na kushinda. Usiku ule mguu ulivimba hadi soksi ikagoma kuvuka kifundo. Jumapili alasiri chuo chao kilikuwa kinawania kombe na chuo kingine, wanakabana koo, na mbio zilizobaki zenye uzito zilikuwa mita elfu tano. Kocha Hallstrom alimjia kwenye hema.

"Kijana wangu, nimeona unachechemea."

"Ni uchovu, kocha."

"Dana anasema ulimwambia mbili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mbili?"

Mzee yule alikuwa na macho mazuri. Alikuwa ameona wakimbiaji kwa miaka thelathini, na alijua kuchechemea kwa uchovu na kuchechemea kwa mfupa. Aliuliza lile swali kama mtu anayeomba aambiwe uongo, na alipoambiwa alishusha pumzi.

"Nenda ukafanye unachojua kufanya," alisema.

Alifanya. Kwa mizunguko tisa alikaa nyuma ya wengine, akipumzika kwenye kivuli cha upepo wao. Wa kumi akatoka mbele. Walipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa amewaacha pakubwa, na watu jukwaani walikuwa wamesimama wakipiga makofi kwa mwendo wa hatua zake. Katika kona ya mwisho, kila mtu aliyekuwa upande ule alisikia mlio. Baadaye mmoja alisema ilikuwa kama mtu kuvunja kuni kwenye goti.

Akaanguka kwa ubavu. Muundi ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Dana alianza kukimbia kutoka upande wa pili wa uwanja, lakini Chemweno alikuwa karibu zaidi, ameegemea kizuizi cha kona. Hakuruka kizuizi. Aliinama juu yake na kupiga kelele kwa lugha ya nyumbani, ambayo pale uwanjani watu wawili tu waliielewa:

"Simama! Watu wanakutazama!"

Na Kipyator akasimama. Aliinuka kwa mguu wa kulia, akauacha wa kushoto ukining'inia, akaruka. Wa pili alimpita, kisha wa tatu, kisha kundi. Aliruka kwa mguu mmoja kama watoto wanavyocheza, mikono ikipigapiga hewa, na uso wake ulikuwa uleule wa tangazo. Jukwaa lilikuwa linalia na kushangilia kwa wakati mmoja. Alivuka mstari akiwa wa saba. Alama za mtu wa saba ni chache, lakini zilitosha. Kombe likaja kwao.

Hospitalini walimtia chuma kirefu ndani ya mfupa. Dana alikuja siku ya pili, macho mekundu, akakaa kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanijaribu," Kipyator alisema. "Nikafaulu."

"Kukujaribu?" Dana alimtazama kama hakusikia. "Nilikuwa nataka ukunje uso. Nilibonyeza ili ukunje uso. Nilikuwa nakuomba."

Kipyator aligeukia ukuta. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu duniani anayeweza kutaka hivyo.

Kocha Hallstrom alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alileta kombe akalishika pamoja naye kwa picha. Mara ya pili alikuja bila mpiga picha. Daktari alikuwa amesema mguu utatembea, lakini kukimbia kwa ushindani kumekwisha.

"Ufadhili wetu ni wa mwaka mmoja mmoja, unajua," alisema kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mwaka ujao nafasi yako itabidi nimpe anayekimbia. Ninaumia kusema hivi. Ungesema mapema, kijana wangu. Ungesema tu."

Musembi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, alisema jambo kwa Kikamba ambalo hakulitafsiri, akatoka.

Agosti, mwaka mmoja kamili tangu aondoke, Kipyator alirudi kwa magongo.

Kule ukingoni mwa bonde habari ilikuwa imemtangulia. Chemweno alikuwa ametuma video. Wanaume walikuwa wameitazama kwenye mizani ya maziwa mpaka wakaijua kwa moyo: hapa anaanguka, hapa anainuka, tazameni uso, tazameni. Mzee Kimosop alichinja beberu. Watu waliokuwa hawamsalimii walimpigia honi barabarani. Kipyator alipopita na magongo yake, wazee walinyanyuka kumpisha benchi.

"Huyu ndiye," walisema. "Mfupa umekatika, na hakulia."

Hakuwa na kazi, hakuwa na cheti, hakuwa na mguu. Alikuwa na hilo. Chai hakununua, kinyozi hakumdai, na baba yake alipomtambulisha kwa watu hakutaja jina, alisema tu, "Yule wa video." Mama yake peke yake hakuitazama ile video. Jioni alimkanda mguu kwa mafuta bila kumuuliza neno, na Kipyator, kwa mazoea, alitazama paa.

"Nikikanda hapa unaumia?" aliuliza siku moja.

"Hapana, mama."

"Mimi si mwanaume, Kipyator."

Kipyator aliendelea kutazama paa. Mama alifunga chupa ya mafuta akatoka.

Desemba Chemweno alikuja. Alikuja na gari la kukodi na koti lenye nembo ya chuo, kocha msaidizi sasa, tumbo limeanza kujitokeza. Alitangaza kwamba anatafuta vijana wawili, na Jumamosi uwanja wa shule ya msingi ulijaa wazazi kuliko siku ya mtihani. Chifu alikuwepo. Wavulana walikimbia pekupeku kuzunguka uwanja hadi wengine wakatapika. Aliyewashinda wote kwa mbali alikuwa Kipsaina, mtoto wa mjane aliyeuza viazi barabarani.

Mbio zilipokwisha Chemweno aliwakusanya. Alimwita Kipyator mbele, akamwekea mkono begani.

"Mnamjua huyu?"

Watu wakapiga makofi.

"Wazungu wana hela, wana viwanja, wana viatu. Uso kama huu hawana. Kule ndicho tunachowauzia. Ndugu yangu, waambie vijana neno moja."

Kipyator alimtazama Kipsaina, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi anahema, amefinya ubavu kwa mkono. Kijana alipoona anatazamwa aliutoa mkono haraka na kuuficha nyuma. Labda ni hilo lililomfungua Kipyator kinywa. Hakuwa amepanga.

"Niliumwa," alisema.

Mkono wa Chemweno ulitoka begani mwake.

"Niliumwa tangu Februari. Niliumwa sana. Kulikuwa na ufa tu, ungepona. Kulikuwa na mwanamke kazi yake kuuliza, na aliniuliza, nikadanganya, kwa sababu huyu aliniambia nidanganye. Chemweno alijua. Alitaka ile kazi. Wewe Kipsaina, wakikubonyeza ukaumia, sema. Piga kelele. Msiwape watoto wenu kabla hamjawaambia wapige kelele."

Sauti ilimpasuka mwishoni. Machozi yalishuka, hakuyafuta.

Upepo ulipita kwenye mikalitusi ya shule. Halafu mmoja wa rika lake, kijana aliyetoka naye jandoni siku moja, alisema kutoka nyuma:

"Kumbe kisu kilichelewa njiani. Kimemfikia leo."

Kicheko kilianza huko nyuma kikaja mbele. Wanawake waliziba midomo kwa leso. Chifu alitazama saa yake.

"Msimcheke," Chemweno alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa umefanana kabisa na wa Hallstrom. "Dawa za hospitali zile ni kali, humchezea mtu kichwa. Tumwombee ndugu yetu." Akageuka. "Mama Kipsaina yuko wapi? Njoo hapa, mama, tuongee habari za pasipoti."

Walikuwepo pale watu wenye akili. Alikuwepo mwalimu mkuu, alikuwepo mhudumu wa zahanati, na walikuwepo wazazi wenye watoto wazuri. Walisikia vizuri na walielewa vizuri. Lakini kumsikia Kipyator kungewalazimu kumrudisha Kipsaina shambani kwenye viazi, na kicheko kilikuwa rahisi zaidi. Asidhani mtu kwamba walidanganywa.

Mzee Kimosop hakungoja mkutano uishe. Kipyator alimkuta nyumbani amekaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Baba."

"Nilikuwa na kitu kimoja," mzee alisema. "Kimoja tu. Ungeningoja nife."

Tangu siku ile hakwenda tena kwenye mizani. Maziwa alianza kuyapeleka mama.

Asubuhi ya Jumatatu mbwa walibweka, na Mama Kipsaina akaingia uani, leso mpya kiunoni. Alimsalimia Kipyator kwa heshima, akakataa kukaa.

"Sitaki kukuchelewesha, mwanangu. Nimekuja na shida ndogo. Mtoto anaondoka, na wanasema kule baridi inaua."

"Inaua, mama."

"Nimesikia ulirudi na koti. Lile nene, lenye manyoya shingoni." Alicheka kwa aibu kidogo. "Huku wewe utalipeleka wapi? Na sasa hutoki tena kwenda popote."

Kipyator alimtazama. "Mama, juzi ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulisikia nilivyosema juu ya mtoto wako?"

"Nilisikia, baba yangu. Wewe ulikuwa na bahati mbaya. Kipsaina ni mgumu. Tangu utotoni, hata akichomwa sindano, hatoi sauti." Alisema hivyo kwa fahari, akinyoosha mgongo. "Lile koti bado lipo?"

Kipyator aliingia ndani kwa gongo moja, akalitoa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama Kipsaina alilipokea kwa mikono miwili. Aligeuza ndani nje kutazama mshono, akavuta zipu ikapanda, akavuta ikashuka, na aliporidhika alilikunja vizuri kwapani.

"Mungu akubariki," alisema. "Nitamwambia akukumbuke akifika."

Alishuka njia ya mashamba ya viazi kwa haraka. Kipyator alibaki mlangoni ameegemea gongo, na mama yake, aliyekuwa anakamua, hakuinua kichwa kutoka ubavuni mwa ng'ombe.